Kahawa, Mate na Moshi wa Mishikaki

Jioni, Tandika au Mwananyamala, mchoma mishikaki hukaa kwenye moshi kuliko mteja yeyote. Mafuta yanadondokea mkaa, moshi unapanda na kuacha juu ya nyama kemikali za jamii ya benzopireni. Nyama yenyewe ikiungua hutoa amini zinazotiliwa shaka kusababisha saratani.

Nyingi ya kemikali hizi huingia mwilini zikiwa hazina meno. Vinavyozipa meno ni vimeng'enya vyetu wenyewe: katika kuziandaa zitoke, huzigeuza kwanza ziweze kunasa kwenye vinasaba. Vimeng'enya vingine huzidaka na kuzitoa. Watu hutofautiana kwa kasi ya kazi hizo mbili.

Kasi hiyo hupimwaje? Kimeng'enya CYP1A2, kinachoamsha amini za nyama iliyoungua, ndicho pia kinachovunja kafeini. Basi mpimwaji huacha kahawa, chai na kola (chai ya rangi nayo imo, wengi husahau), kisha humeza kafeini ya kipimo maalumu. Saa kadhaa baadaye hutema mate kwenye kichupa, na maabara hulinganisha kafeini iliyobaki na paraksanthini, zao lake kuu. Paraksanthini ikizidi, kimeng'enya kina kasi.

Tatizo ni kwamba kasi hiyo haitulii. Sigara huipandisha, nyama choma pia. Vidonge vya uzazi wa mpango huishusha. Kurithi nako kumo: mwaka 2003 Eleni Aklillu na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walieleza aina ya CYP1A2 waliyoikuta kwa baadhi ya Waethiopia, ambayo utendaji wake ni mdogo.

Kuruka kutoka kasi ya kimeng'enya hadi saratani ndiko kulikowaponza wengi. Mwaka 1973 Kellermann na wenzake, Texas, walichokoza seli nyeupe za damu kwa kemikali ya jamii ya masizi. Za wagonjwa wa saratani ya mapafu zikaitikia zaidi, kwa kuongeza vimeng'enya vya kuamsha kemikali hizo. Dunia ya tiba ikasisimka, lakini maabara nyingine zilipojaribu, matokeo yakapishana.

Kwa mchoma mishikaki, naona jiko lililowekwa upande ambao upepo unapeleka moshi mbali naye lina faida kuliko kichupa cha mate. Na akija mtu kukuuzia kipimo kimoja cha kubashiri kansa, angalia kama amekuuliza jana ulikula nini.