Chora Kwanza, Pima Baadaye: Utangulizi

Kitabu hiki nimemwandikia mtafiti ambaye tayari anaijua kazi yake: anayemtambua mbu dume kwa papasi zake zenye manyoya, anayejua kukausha tone la damu kwenye karatasi ya chujio likafika maabara salama. Sampuli zake zimepelekwa kusomwa DNA, na badala ya jibu amerudishiwa diski yenye mafaili mazito kuliko yote aliyowahi kuyafungua. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Humkabidhi mtu mwingine diski hiyo, mara nyingi aliye ng'ambo, wakasubiri kuambiwa wamegundua nini. Nataka uache kusubiri.

Tuanze na faili lenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutolitazama. Katika faili la aina ya FASTQ, kila kipande cha DNA kilichosomwa huandikwa kwa mistari minne. Wa kwanza huanza na alama ya @ na kubeba jina la kipande. Wa pili ni herufi A, C, G na T. Wa tatu una alama ya kujumlisha. Wa nne unaonekana kama mtoto kachezea kibodi, lakini ndio ninaoupenda kuliko yote: kila alama iliyomo inasema mashine ilikuwa na uhakika kiasi gani juu ya herufi moja ya mstari wa pili. Alama I ina maana kwamba uwezekano wa kukosea ni mmoja kati ya 10,000. Tarakimu 5 ni mmoja kati ya 100. Ukikuta # ujue mashine ilikuwa inabahatisha. Chombo chenyewe kinakiri shaka yake, herufi kwa herufi, na mtu aliyezoea kuandika daftarini kwamba slaidi fulani haikukolea rangi vizuri hana jipya la kujifunza hapo isipokuwa mwandiko.

Faida ya kuzisoma herufi hizi tumeiona katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ilichapishwa mwaka 2002: kromosomu 14, herufi kama milioni 23. Mwaka 2014 utafiti wa vimelea vya Kambodia ulionyesha kwamba mabadiliko katika jeni moja ya kromosomu ya 13, iitwayo kelch13, huifanya dawa ya artemisinini ichelewe kuviondoa vimelea kwenye damu. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya sampuli za Rwanda: badiliko liitwalo R561H, ambamo herufi moja tu, G, imegeuka A, na asidi amino ya 561 ya protini ile ikawa nyingine. Je, vimelea hivyo vililetwa kutoka Asia? Watafiti walizitazama herufi zilizo jirani na jeni hiyo, huku na huku, wakakuta hazilingani na za Asia. Usugu ulikuwa umezaliwa hapahapa. Mwaka uliofuata ukaja ushahidi wa kaskazini mwa Uganda, wenye mabadiliko mengine ya jeni ileile, na kufikia 2024 R561H ilikuwa imeripotiwa Kagera, Tanzania, pamoja na vimelea kuchelewa kutoweka baada ya matibabu. Dawa mseto yenye artemisinini bado inawaponya wagonjwa walio wengi. Lakini mwendo huo usingeonekana bila watu waliojua kuyauliza mafaili swali la maana.

Nasisitiza swali, kwa sababu programu haziulizi. Mtaalamu wa kompyuta ataweza kuvigawa vimelea hivyo katika makundi, ila hatajua kwamba sampuli mbili zinafanana kwa kuwa zimetoka kwa ndugu wanaolala chumba kimoja. Wewe unajua, maana ulifika kwao.

Na namna bora ya kuuliza ni kuchora. Mwaka 1973 mwanatakwimu Mwingereza, Francis Anscombe, alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Ukikokotoa, zote zina wastani uleule, uwiano wa takriban 0.82 na mstari uleule wa makadirio. Ukizichora, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni tao, ya tatu ni mstari ulionyooka ambao nukta moja imeuvuta, na ya nne ni nukta zilizosimama wima isipokuwa moja iliyokwenda mbali. Aliyekokotoa bila kuchora angeandika hitimisho moja kwa zote nne.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi. Tuseme una jedwali la jeni 20,000 kwa sampuli 40. Mchoro wa kwanza uwe wa PCA, ambao huweka sampuli zinazofanana karibu karibu. Zipake rangi kwa hali ya afya, wagonjwa na wazima. Kisha zipake upya kwa tarehe ambayo kila sampuli ilishughulikiwa maabara. Rangi za tarehe zikijitenga vizuri kuliko za ugonjwa, umepima Jumatatu dhidi ya Alhamisi. Na kama wagonjwa wote walishughulikiwa Jumatatu na wazima wote Alhamisi, hakuna hesabu itakayokuokoa, rudi maabara.

Jeni hizo ukizipima moja moja kwa kigezo cha 0.05, kama 1,000 zitaonekana kuwa na tofauti hata pasipo tofauti yoyote. Ndiyo maana tunatumia sahihisho la Benjamini na Hochberg la mwaka 1995. Angalia pia Excel: iligeuza jina la jeni SEPT2 kuwa tarehe ya Septemba, na uchunguzi wa 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni. Kufikia 2020 majina yenyewe yalikuwa yamebadilishwa. SEPT2 sasa inaitwa SEPTIN2.

Kuhusu kuandika programu, nina neno fupi. Lugha ya R iliasisiwa Auckland, New Zealand, na wanatakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, na ni ya bure. Bioconductor, ghala la zana zake za kibiolojia, lipo tangu 2001. Mistari kumi ya R unayoielewa ina thamani kuliko mia uliyonakili. Ila usijifunze peke yako. Kuanzia 2016 mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya utangulizi wa bioinformatiki kwa madarasa ya nchi mbalimbali za Afrika, mhadhara ukitoka mbali na msaidizi akiwa chumbani pamoja na wanafunzi. Mpango huo unafaa kuigwa hata na watu watatu wa idara moja.

Data ya kuanzia nayo ipo: mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa MalariaGEN ulitoa hadharani, bila malipo, data za sampuli zaidi ya 20,000 za Plasmodium falciparum kutoka nchi 33. Itafute kelch13 humo, hesabu mabadiliko yake nchi kwa nchi, uyachore, kisha mwite mwenzako uliyekwenda naye kukusanya damu na umuulize anaona nini.