Safari ndefu kwa kinga: msaada kwa utafiti wa kansa



Toka Koni mpaka Likasi, hakuna asiyeijua kinga. Baiskeli hiyo inampeleka baba kazini na mama sokoni, tena inabeba magunia ya makala toka porini mpaka mjini. Lakini je, umepata kusikia kwamba kinga inaweza pia kuwasaidia waganga kupigana na kansa, ugonjwa unaoitwa pia saratani? Leo ukurasa wetu unakueleza namna gani. Unakueleza pia jinsi ya kujilinda, maana safari ya kusaidia wagonjwa haifai kuongeza mgonjwa mwingine.

Namna inavyofanyika

Mwaka 1980, huko Marekani, Billy Starr, kijana aliyefiwa na mama yake kwa kansa, aliwaita wenzake wavuke jimbo la Massachusetts kwa baiskeli. Watu 36 walipanda. Kabla ya safari, kila mmoja aliwaomba jamaa, marafiki na majirani watoe fedha kidogo kwa ajili ya utafiti wa kansa. Mwaka huo walipata dola 10,200. Safari ile, jina lake Pan-Mass Challenge, inafanywa kila mwaka hata leo. Fedha zote zilizokusanywa tangu 1980 zimepita dola bilioni moja, na zinakwenda kwa hospitali na kituo cha utafiti cha Dana-Farber, mjini Boston.

Utaratibu ni mwepesi. Mpanda baiskeli anasema: «Mimi nitatoa jasho langu. Wewe utatoa nini?» Mmoja anatoa kidogo, mwingine kingi, na vyote vinawekwa pamoja.

Utafiti unaleta nini?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kutoa fedha kwa utafiti, wakati wagonjwa wapo leo? Jibu ni kwamba dawa za leo zimetoka katika utafiti wa jana. Wakati mwingine utafiti huo ulianzia karibu na nyumba zetu.

Mawe ya Shinkolobwe, jirani na Likasi, yalipelekwa Ubelgiji, na tangu 1922 kiwanda cha Olen kilitoa ndani yake radiamu. Hospitali za nchi nyingi ziliitumia radiamu hiyo kuchoma uvimbe wa kansa. Lakini kumbuka: mionzi inayoua kansa mikononi mwa munganga inaweza kuileta kansa kwa mtu asiyejikinga. Usiende kuchimba wala kuokota mawe mahali pale.

Mfano wa pili unatoka Uganda. Munganga Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Alitaka kujua ugonjwa huo unapatikana wapi. Mwaka 1961 yeye na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda motokari ya Ford iliyokwisha tumika. Walikwenda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa ule unakaa katika nchi za joto na mvua, mahali palipo na malaria nyingi. Mwaka 1964, huko London, wataalamu Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe walizokuza toka vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda. Siku hizi tunajua kwamba kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara vinasaidiana kuleta kansa hiyo. Tunajua pia kwamba dawa zinaweza kuiponya, ikiwa mtoto ameletwa mapema. Tazama faida ya safari moja ndefu.

Jitayarishe kabla

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120. Mchukuzi wa makala atakuambia kwamba mwendo wa namna hiyo haufanywi kwa nguvu za siku moja. Wewe na wenzako mkitaka kufanya safari ya msaada, shikeni mambo haya:

1. Muone munganga kwanza, hasa kama umepita miaka 40, au una ugonjwa wa moyo, sukari au tensheni. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu unapopanda, simama hapo hapo.

2. Anza miezi mitatu mbele. Panda mara tatu kwa juma, uongeze mwendo kidogo kidogo. Aliyezoea kilomita 20 asikimbilie 80.

3. Pima kiti. Ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti cha chini kinaharibu magoti.

4. Kagua breki, matairi, mnyororo na taa, kama vile unavyokagua chombo cha kazi kabla ya zamu. Chukua pampu, gundi na viraka.

5. Chagua majira. Mwezi wa tano mpaka wa nane mvua hakuna na jua si kali sana. Mwezi wa tisa na wa kumi joto ni kubwa mno.

6. Usiondoke baada ya zamu ya usiku. Mwenye usingizi juu ya kinga ni hatari kwa nafsi yake na kwa wenzake. Mwenye homa naye abaki nyumbani, apimwe malaria.

Siku ya safari

Ondokeni alfajiri, mara tu mnapoweza kuona njia vizuri. Fuateni mkono wa kuume, mmoja nyuma ya mwingine, mkiacha nafasi kati yenu. Kamioni za madini ni nyingi katika barabara ile, na dereva hamwoni mtu aliye karibu sana na ubavu wa kamioni yake. Ikija nyuma yenu na njia ni nyembamba, tokeni pembeni, msimame. Kushika kamioni ili ikuvute mlimani ni kucheza na kifo. Kijana wako anayefanya hivyo, umkataze leo.

Vaa koti la kazi lenye kung'aa, lionekane toka mbali. Lakini kofia ngumu ya kazini haitoshi: imetengenezwa kwa vitu vinavyoanguka toka juu, na ukianguka inaweza kuruka kichwani. Tafuta kofia ya baiskeli yenye mkanda wa kufunga chini ya kidevu.

Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu kukushika. Kwa joto, mtu anahitaji nusu lita au zaidi kwa saa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, maji yamepungua mwilini. Kula kidogo kila saa: ndizi mbivu, viazi vitamu, karanga. Bukari nyingi iwe ya jioni. Pombe isiguswe mpaka safari iishe.

Fedha za watu

Fedha za wagonjwa ni amana. Fanyeni kama katika likelemba nzuri: jina la kila mtoaji na franka zake viandikwe katika kitabu, watu watatu wazilinde pamoja, na hesabu isomwe mbele ya wote. Chakula na viraka vya wapandaji visilipwe na fedha hizo. Mkubaliane mapema zitapelekwa hospitali gani au kituo gani, na mdai karatasi ya kupokelewa.

Ujumbe wa kupeleka njiani

Kila mnapopumzika, watu watauliza mnakwenda wapi. Hapo mwaambie kwamba kansa nyingi zinaweza kutibiwa zikionekana mapema. Waende kwa munganga bila kungoja wakiona dalili hizi:

– uvimbe wa taya au wa tumbo kwa mtoto, unaokua upesi, au meno yake yanalegea;
– kibonge ndani ya ziwa la mama;
– damu kwa mwanamke nje ya siku zake, au baada ya kukutana na mume wake;
– kikohozi kinachopita majuma matatu, au mate yenye damu;
– kidonda kisichopona.

Dalili hizi si lazima ziwe za kansa. Kikohozi kinaweza kuwa cha kifua kikuu, nacho kinatibiwa. Lakini munganga ndiye atakayejua, na anayefika mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Basi, ndugu wa Koni na wa Likasi, miguu yenye nguvu tunayo, na njia tunaijua. Mwenye kutaka kupanda aanze mazoezi kidogo kidogo. Asiyeweza kupanda atoe alichonacho. Na aliye na uvimbe anaouficha, aende hospitali kesho asubuhi.