Gato ya katoni: kwa nini inashuka katikati?

Mumekwisha kuona jambo hili. Unanunua katoni ya unga wa gato kwa bei kali, juu ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Unafuata yote yenye kuandikwa. Gato ndogo-ndogo zinavimba vizuri, kisha zinashuka katikati. Jirani anasema ni mukono mubaya. Hapana! Ni milima yetu.

Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1400. Huku juu hewa ni nyepesi: unga unavimba mbio, maji yanakauka mbio, na gato inaanguka mbele ya kuiva. Wenye kutengeneza katoni kule Marekani wanajua hayo. Mara nyingi wanaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana, shauri kwa watu wenye kukaa kupita futi 3500, ni kusema mita 1070 hivi. Nani anasoma pembeni?

Basi, ndani ya unga wa katoni ongeza vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano, na maji kidogo kupita yale waliyoandika. Mayai na mafuta, ufuate katoni. Usikoroge sana. Jaza vikombe vya karatasi sehemu mbili kwa tatu, usipite. Kama hauna furu, sufuria kubwa yenye muchanga juu ya mbabula inafaa: kwanza muchanga upate moto, kisha funika na uweke makala machache juu ya kifuniko. Usifunue-funue! Choma na kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Zikipoa kabisa, toboa juu kwa kisu kidogo, tia kijiko cha konfitiri, rudisha kifuniko chake. Wengine wanapenda krimu ya maziwa na mayai. Ni tamu, lakini kama feti inaendelea mpaka magaribi na hakuna frigo, krimu hiyo inaharibika na watoto wanaumwa tumbo. Konfitiri inavumilia.

Krimu ya juu ni majarini na sukari laini kama unga, piga mpaka iwe nyeupe. Mwezi wa kumi, wakati wa joto kali, upake saa ya kupeleka mezani, si asubuhi.