Kupaliwa na Kuchelewa Kusema: Tiba ya Usemi na Umezaji kwa Watoto Wadogo wa Msangeni

Katika kata ya Msangeni, kama ilivyo kwingineko katika milima ya Upare, mtoto anayechelewa kusema husubiriwa. Bibi hukumbusha kwamba baba yake naye alichelewa, jirani husema watoto wa kiume ndivyo walivyo, na mwaka hupita. Mtoto anayepaliwa kila anaponyweshwa uji huitwa mwenye pupa, au husemwa kuwa kilimi chake ni kirefu. Wakati mwingine subira hiyo haina madhara. Mara nyingine humgharimu mtoto mapafu yake, au ile miaka michache ambamo lugha huingia kichwani kwa urahisi kuliko itakavyoingia tena maishani mwake.

Kusema na kumeza huonekana kuwa mambo mawili yasiyohusiana, lakini hufanywa na viungo vilevile: midomo, ulimi, taya, kaakaa na koo. Ndiyo maana tiba yake ni moja, na mtaalamu anayemfundisha mtoto kutamka ndiye pia anayechunguza jinsi anavyomeza.

Kumeza ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Misuli zaidi ya 30 hushirikiana kwa muda wa sekunde chache. Ulimi hukusanya tonge na kulisukuma nyuma, kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani, kisha koo la hewa hufungwa ili chakula kipite kuelekea tumboni. Mtu mwenye afya hulifanya jambo hili mamia ya mara kwa siku bila kulifikiri. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mtoto njiti, au kwa aliyechelewa kupata pumzi alipozaliwa, misuli hiyo huenda isifuate zamu yake. Uji hufika kooni kabla mlango wa hewa haujafungwa, na sehemu yake huteremka mapafuni.

Dalili huonekana wakati wa kula. Mtoto hukohoa au hukabwa karibu kila anapolishwa, macho humtoka machozi, sauti yake baada ya kunywa husikika kama ya mtu mwenye maji kooni, maziwa hutokea puani, mlo mmoja huchukua saa nzima naye hashibi. Dalili nyingine haionekani mezani kabisa: mtoto hutibiwa nimonia, hupona, na baada ya wiki chache hurudishwa zahanati na nimonia nyingine. Katika milima yenye baridi na ukungu kama hii ni rahisi kuilaumu hali ya hewa. Lakini mtoto anayeugua kifua mara kwa mara na ambaye pia hupaliwa anapolishwa anastahili kutazamwa akila. Wapo pia watoto ambao chakula huwaingia mapafuni bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo ukimya mezani pekee hautoshi kumtuliza mlezi.

Kabla hata ya kumfikia mtaalamu, namna ya kulisha inaweza kubadilishwa nyumbani. Mtoto alishwe akiwa ameketi wima, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo mbele, si akiwa amelazwa mgongoni huku shingo imekunjwa nyuma. Mkao huo wa kulala, ambao wengi hutumia ili uji uteremke upesi, ndio unaoacha njia ya hewa wazi zaidi. Kijiko kiwe kidogo, kitolewe kutoka mbele, na kingine kisifuate mpaka cha kwanza kimemezwa. Kumnywesha mtoto kwa nguvu huku analia ni hatari kubwa, kwa sababu anayelia huvuta pumzi, na chochote kilicho mdomoni hufuata pumzi hiyo.

Uzito wa chakula nao una maana yake. Wengi hudhani kwamba asiyeweza kumeza vizuri apewe vitu vyepesi kama maji, kumbe kwa watoto wengi wa aina hii maji na uji mwepesi ndivyo vinavyowashinda, maana hukimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga. Uji mzito kiasi, ndizi iliyopondwa au parachichi huenda vikapita kwa usalama zaidi, ingawa kiwango kinachomfaa kila mtoto hupimwa na mtaalamu. Makande, chakula ambacho Mpare hahitaji kuelezwa sifa zake, yasipewe mtoto mdogo yakiwa na punje nzima za mahindi na maharage, hata kama hana tatizo lolote la kumeza. Yapondwe mpaka yalainike. Karanga nzima zingoje mpaka awe mkubwa.

Kuhusu kilimi, pasiwe na maneno ya kuzungukazunguka. Kukata kilimi hakutibu kikohozi, hakuzuii kupaliwa wala hakuharakishi kusema. Kinachopatikana ni kidonda katika koo la mtoto, pamoja na hatari ya kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi yanayoenezwa na wembe. Watoto hufikishwa hospitalini hali zao zikiwa mbaya kwa ajili ya kipande cha nyama ambacho hakikuwa na kosa. Uzi ulio chini ya ulimi nao usikatwe nyumbani. Ni watoto wachache ambao uzi huo huwazuia kunyonya vizuri, na uamuzi wa kuukata ni wa daktari.

Mtoto anayezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka ana haki ya kusaidiwa tangu siku ya kwanza. Mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta maziwa, kwa kuwa hewa hupenya puani. Mama akamue maziwa yake na kumnywesha kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa wima. Akiachwa ahangaike na titi peke yake hudhoofika, na mtoto dhaifu hupangiwa upasuaji baadaye. Mdomo kwa kawaida hushonwa kuanzia umri wa miezi 3 hivi, mtoto akiwa na uzito wa kutosha. Kaakaa hufuata, kwa kawaida kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, ili maneno yakianza kwa wingi yakute paa la kinywa limekwisha kuzibwa. Anayechelewa sana hujizoeza kutamka kwa pua na koo, na mazoea hayo hubaki hata baada ya upasuaji mzuri. Hapo ndipo tiba ya usemi huhitajika.

Kwa upande wa kusema, umri una vipimo vyake. Mtoto wa miezi 6 hutoa sauti za kuchezea mdomo. Anapotimiza mwaka huitika jina lake, huonyesha kwa kidole na huwa na neno moja au mawili. Akifika miaka 2 huunganisha maneno, kama “mama maji” au “baba njoo”. Wa miaka 3 hueleweka kwa sehemu kubwa hata na mtu asiye wa nyumbani kwake. Watoto hawalingani, na kukawia kwa mwezi au miwili si ugonjwa. Lakini asiyeonyesha kwa kidole wala kuitika akiwa na mwaka mmoja, asiye na neno akiwa na mwaka na nusu, au yule aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe bila kungoja. Kuhusu mtoto wa miaka 3 anayesema “langi” badala ya “rangi”, aachwe akue. Wapo watu wazima wanaoheshimika sana ambao hawajazipatanisha herufi hizo mpaka leo.

Jambo la kwanza kuchunguzwa kwa mtoto asiyesema ni masikio. Asiyesikia hawezi kuiga asichokisikia. Usikivu huweza kupotea kwa homa ya uti wa mgongo, kwa manjano makali ya siku za mwanzo, kwa masikio yanayotoa usaha muda mrefu, na baadhi ya watoto huzaliwa nao haupo. Kugeuka mlango unapobamizwa si ushahidi wa kutosha, kwani mtoto huweza kuuhisi mtikisiko. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili huwapandikizia baadhi ya watoto vifaa vya usikivu, na baada ya upasuaji huo mtoto hufundishwa kusikia na kusema kwa muda mrefu. Kwa ambao kifaa hakiwafai, lugha ya alama ni lugha kamili, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo akili ya mtoto inavyonufaika. Mjini Mwanga ipo shule ya viziwi ya KKKT.

Wako wazazi wanaoacha kuzungumza Kipare au Kigweno na watoto wao kwa hofu kwamba lugha mbili zinawachanganya. Hofu hiyo haina msingi. Lugha mbili hazisababishi ugonjwa wa usemi, na mtoto mwenye tatizo la kweli hulionyesha katika lugha zote anazosikia. Bibi na azungumze naye kwa lugha anayoimudu, maana mazungumzo tele kwa Kigweno yanamfaa mjukuu kuliko maneno machache ya Kiswahili cha kulazimisha.

Tiba yenyewe haina dawa wala sindano. Mtaalamu hucheza na mtoto, hutazama anavyotumia mdomo na macho, kisha humfundisha mlezi la kufanya nyumbani. Mlezi hujishusha usawa wa uso wa mtoto, hutaja kitu wanachokitazama wote wawili, kisha hunyamaza na kungoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Kumenya ndizi, kuchambua maharage na kufua nguo ni masomo ya kutosha. Simu iliyowashiwa katuni haiulizi wala haijibu.

Wataalamu wa fani hii nchini ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kina shahada ya usikivu na usemi. Mpaka idadi yao itakapotosha, sehemu ya kazi hii, hasa ulishaji na mkao, hufanywa na wataalamu wa tiba kwa vitendo na wa fiziotherapia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina huduma hizo pamoja na idara ya masikio, pua na koo.

Safari hiyo huanzia kliniki ya mtoto ya kila mwezi. Mizani peke yake haitamweleza muuguzi kwamba mtoto hupaliwa au haitiki, kwa hiyo mzazi alitaje mwenyewe, na aombe liandikwe kwenye kadi. Zahanati humwandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na hospitali humwelekeza KCMC inapobidi. Kwa sera ya taifa, mtoto aliye chini ya miaka 5 hatozwi malipo ya matibabu katika vituo vya umma. Nauli ya kuteremka mlimani na kufika Moshi haimo katika sera hiyo, na ndiyo inayokatisha safari za wengi baada ya mahudhurio ya kwanza. Familia iliyokwama ionane na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema, si baada ya kuikosa tarehe.

Siku ya miadi mlezi abebe kadi ya kliniki, barua ya rufaa, na kumbukumbu fupi ya siku ambazo mtoto alipaliwa na alichokuwa akila. Achukue pia kikombe na kijiko cha nyumbani pamoja na uji kidogo kwenye chupa ya chai, kwa sababu mtaalamu atataka kumwona mtoto akila chakula chake alichokizoea, kwa mkono wa yule anayemlisha kila siku. Kama anayemlisha ni bibi, basi bibi ndiye asafiri naye.