Gharama za Kuuguza Wazee: Tujiandae Mapema

Katika gombolola ya Buhehe, wilayani Busia, kama ilivyo kote Samia Bugwe, Tororo na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, mtu akifariki hakosi wa kumzika. Siku ile ile daftari hufunguliwa, na kila mtu huandikisha alichonacho. Vyama vya kuzikana hutoa fedha, unga, turubai na masufuria. Ndugu walio mbali hupanda basi usiku ili wawahi, na hakuna anayeuliza fedha zitatoka wapi, kwa sababu jambo hilo lilipangwa zamani.

Lakini marehemu huyo huyo huenda alilala kitandani miaka minne kabla ya siku hiyo, na katika miaka yote minne hapakufunguliwa daftari hata moja. Aliuguzwa na mtu mmoja, kwa mfuko wa mtu mmoja, mpaka mfuko ukatoboka. Tumejifunza kujiandaa kwa siku moja ya mazishi, wala hatujajifunza kujiandaa kwa siku elfu moja za kuuguza. Makala haya yanakusudia kuwazindua wasomaji wetu, hasa askari, polisi na aila zao, juu ya jambo hilo.

GHARAMA NI ZIPI?

Watu wengi wanapotaja gharama za ugonjwa hufikiria hospitali tu. Nchini Uganda malipo katika hospitali za Serikali yaliondolewa mwaka 2001, na mkazi wa Buhehe anaweza kumpeleka mgonjwa wake Masafu au Tororo. Askari na polisi nao wana vituo vyao vya matibabu. Haya ni mema, na tunayashukuru. Hata hivyo, daktari akishamaliza kazi yake, mgonjwa hurudishwa nyumbani, na hapo ndipo safari ndefu huanza.

Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, aliyekatwa mguu kwa kisukari, aliyevunjika nyonga, au aliyepotewa na kumbukumbu hata asiwajue wanawe, hahitaji matibabu tu. Anahitaji kuogeshwa, kulishwa, kupelekwa chooni na kubadilishiwa nguo. Asiyeweza kujigeuza inafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo atatoka vidonda vya mgongoni na kiunoni. Kazi hiyo inataka sabuni nyingi, mashuka, nepi za watu wazima, maziwa, uji, dawa ambazo pengine hazipo katika kituo cha afya, pamoja na nauli ya bodaboda au gari la kukodi kila siku ya kumwona daktari.

Gharama iliyo kubwa kuliko zote haiandikwi popote. Nayo ni siku za mtunzaji. Mara nyingi huyo ni binti au mkaza mwana. Ataacha meza yake ya biashara sokoni Busia, au shamba lake litaota magugu, au msichana wa nyumba hiyo atatolewa shuleni ili amsaidie nyanya yake. Kaka aliye kambini hutuma fedha kila apatapo mshahara, akaona wajibu wake umekwisha. Lakini fedha peke yake haimgeuzi mgonjwa kitandani saa nane za usiku. Huo ni mkono wa mtu, na mtu huyo naye hula, huvaa, huchoka na huugua.

Fedha zikiisha, huuzwa mbuzi, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba. Mnunuzi hujua kuwa muuzaji ana shida, hivyo hutoa bei ya shida. Kwa njia hiyo ugonjwa wa babu hugeuka kuwa ukosefu wa ardhi wa wajukuu.

MAANA YA BIMA

Bima si uchawi wala si biashara ya wageni tu. Ni kuchanga wengi ili kumwauni aliyepatwa. Tuchukue mfano mwepesi. Nyumba 100 zikichanga shilingi 5,000 kila mwezi, hupatikana shilingi 500,000. Ikiwa katika mwezi huo nyumba nne zina mgonjwa wa kitandani, kila moja itapata shilingi 125,000. Nyumba 96 hazikupata kitu mwezi huo, lakini hazikupoteza, kwa maana zimenunua amani. Hakuna ajuaye ni nyumba ipi itakayofuata.

Nchi kadhaa zimeifanya bima ya namna hii kuwa sheria. Ujerumani ilianza kukusanya michango ya bima ya matunzo mwaka 1995. Mgonjwa akipimwa na kuonekana hawezi kujitunza, anaweza kuchagua kuletewa muuguzi, au kupewa fedha za kumsaidia ndugu anayemtunza. Japani ilifuata mwezi wa Aprili 2000, na huko kila mtu huanza kuchangia akiwa na umri wa miaka 40, yaani wakati angali na nguvu za kufanya kazi.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa Uganda, katika nchi ya vilima ya kusini-magharibi, wananchi walikuwa na vyama vya machela, viitwavyo engozi. Mtu akiugua, wanachama walimbeba kwa zamu mabegani mpaka hospitali. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilivitumia vyama hivyo kuanzisha bima ya afya ya wananchi. Walijiandikisha kwa vikundi, si mtu mmoja mmoja. Sababu yake ni muhimu: kama kila mtu atangoja augue ndipo ajiunge, mfuko utakuwa na wachukuaji bila watoaji, nao utakufa. Wale wa engozi walikuwa tayari wanaaminiana, na daftari lao lilikuwa wazi. Vyama vyetu vya kuzikana navyo vina mambo hayo mawili.

YALIYOPO UGANDA NA KENYA

Bima maalumu ya matunzo ya muda mrefu bado haijaenea katika nchi zetu. Bima za maisha zipo, pamoja na bima za matibabu za mwaka mmoja mmoja, na zile zinazolipa mtu akipata ulemavu wa kudumu. Katika Uganda, Bunge lilipitisha Muswada wa Bima ya Afya ya Taifa mwezi wa Machi 2021, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Kwa hiyo jamaa inapaswa kuunganisha vipande mbalimbali, kama fundi cherehani anavyounganisha vitambaa mpaka vazi likamilike.

Kipande cha kwanza ni malipo ya uzeeni. Askari na polisi wa Uganda wamewekewa pensheni na Serikali, nao hawamo katika makato ya lazima ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ambao kwao mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Hata hivyo, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 ilifungua mlango wa kuweka akiba kwa hiari. Mke wa askari mwenye duka, au kaka aliye fundi, anaweza kuutumia mlango huo. Katika Kenya, polisi waliingizwa katika mpango mpya wa pensheni ya watumishi ulioanza Januari 2021, ambamo mtumishi huchangia asilimia 7.5 na Serikali asilimia 15. Wanajeshi hawamo katika mpango huo.

Kipande cha pili ni vyama vya akiba na mikopo. Wanajeshi wa Uganda wana chama cha Wazalendo kilichoanzishwa mwaka 2005, na polisi wana chama chao cha Exodus. Wengi hukimbilia vyama hivi kwa mkopo wa mabati au pikipiki. Ni wachache wanaoweka akiba humo kwa jina la mama.

Kipande cha tatu ni posho za wazee. Mpango wa Uganda uitwao SAGE, ulipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2019/20, uliwapa wazee wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Kenya kupitia Inua Jamii imewawekea wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Posho hizi hazitoshi kumtunza mgonjwa wa kitandani, lakini hununua sabuni na maziwa, na ni haki ya mzee aliyetimiza masharti.

MPAKA HAUKATI UNDUGU, LAKINI HUKATA HATI

Samia wako pande zote mbili za mpaka, na Iteso vile vile. Si ajabu askari wa Uganda kuwa na shangazi Funyula, au polisi wa Kenya kuwa na mama mkwe Lumino. Undugu huvuka mpaka bila kibali, lakini hati za Serikali hazivuki. Mzee huandikishwa mahali penye kitambulisho chake.

Kenya iliondoa mfuko wake wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Wengi hukosea hapa: mchango wa mtumishi humhusu yeye, mwenzi wake na watoto wake. Baba na mama hawamo. Wao hujiandikisha kama nyumba ya peke yao, na mtoto mwenye uwezo anaweza kuwalipia.

MAMBO YA KUFANYA

1. Iteni kikao cha aila mzee angali mzima. Aulizwe mwenyewe angependa kutunzwa wapi na nani. Si kumwombea ugonjwa, ni kumheshimu.

2. Fungueni mfuko wa matunzo, mbali na mfuko wa mazishi. Watoto watano wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, hupatikana shilingi 100,000. Kwa miaka 10 ni shilingi 12,000,000 kabla ya faida yoyote. Ikiwa kuuguza kutataka shilingi 200,000 kwa mwezi, fedha hizo zitatosha miaka mitano. Kwa askari, ni vema makato yapite katika chama chake kabla mshahara haujafika mkononi.

3. Mtunzaji naye apewe fungu lake. Kama dada ameacha biashara ili amtunze mama wa wote, anachopewa si sadaka, ni haki yake. Aandikiwe pia siku za kupumzika, na mwingine ashike zamu. Askari anayepata likizo aanze kwa kujifunza kumgeuza na kumwogesha mzazi wake.

4. Tengenezeni hati mapema: kitambulisho cha taifa, tarehe sahihi ya kuzaliwa, jina la mrithi katika pensheni na katika chama cha akiba. Tarehe iliyoandikwa vibaya inaweza kumkosesha mzee posho kwa miaka. Mwoneni mwenyekiti wa LC1 na afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola.

5. Zuieni linalozuilika. Kiharusi kingi hutokana na shinikizo la damu lisilotibiwa. Mzee apimwe hata kama haumwi, apunguze chumvi, na akipewa dawa asiiache kwa sababu amejisikia nafuu.

6. Yeyote anayekaribia kustaafu asikitumie kiinua mgongo chote kwa nyumba au gari la abiria. Sehemu yake iwekwe mahali penye usalama, kwa ajili ya siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa mgonjwa.

KABLA YA KUTIA SAINI

Wakala wa bima anaweza kufika hata kambini. Mkaribisheni, lakini mwulizeni. Je, kampuni yake ina leseni ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kusimamia Bima? Bima inaanza kulipa baada ya muda gani? Magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya kujiunga yamo au yameondolewa? Umri wa mwisho wa kupokelewa ni upi? Inalipa kitanda cha hospitali tu, au inalipa pia mtu akibaki na ulemavu nyumbani? Na je, mwanachama akishindwa kulipa miezi miwili, atapoteza yote?

Msilipe fedha mkononi mwa mtu bila stakabadhi ya kampuni. Hati ya bima isomwe na mtu anayeifahamu lugha yake, kisha ihifadhiwe mahali ambapo mke au mume anapajua. Bima iliyofichwa chini ya sanduku haimsaidii mjane. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa Mamlaka hiyo, kwani kusikiliza malalamiko ya wananchi ni mojawapo ya kazi zake.

WITO

Vyama vya kuzikana vya Buhehe, Busia na Tororo vina jambo moja la kuamua. Vinaweza kuendelea kungoja kifo, au vinaweza kuongeza ukurasa mmoja katika daftari lao, ukurasa wa wagonjwa wa kitandani. Hata shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila nyumba ingenunua sabuni, ingemlipa msaidizi wa siku moja moja, na ingemwonyesha mtunzaji kwamba hayuko peke yake.

Askari hajifunzi kulenga shabaha siku adui anapofika, na mkulima hanoi jembe mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Akiba haiozi, na kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu msomaji, kabla mshahara ujao haujafika, kaeni pamoja nyumbani, mtaje majina ya wazee wenu mmoja mmoja, na mbele ya kila jina mwandike ni nani atakayemtunza na kwa fedha ipi.