Safari ya Mfalme Mweusi

Wapenzi wa sataranji hawachoki kuusimulia mchezo mmoja uliochezwa London tarehe 29 Oktoba, 1912. Kombe halikuwapo, wala fedha. Edward Lasker, kijana Mjerumani wa miaka 26, aliingia City of London Chess Club akiwa mgeni, na Kiingereza hakijui. Akakalishwa mbele ya George Thomas, bingwa wa klabu hiyo. (Ndiye huyo ambaye Kombe la Thomas la badmintoni lina jina lake.)

Hatua kumi za mwanzo hazikuwa na kishindo. Ya 11, Lasker akamtoa waziri wake aliwe. Waziri huyu ndiye Wazungu wamwitaye malkia. Kwa Waajemi na Waarabu, ambao kwa mikono yao mchezo huu ulifika Ulaya, alikuwa waziri, tena alikwenda nyumba moja tu kwa mshazari. Siku hizi hakuna kete yenye nguvu kumshinda. Na Lasker alimtoa bure!

Mfalme mweusi hakuwa na hiari, akamla. Papo hapo farasi akaruka, akamfungulia njia ndovu aliyekuwa nyuma yake, yule Waingereza wamwitaye askofu. Mfalme akatishwa na wawili kwa mpigo mmoja. Wawili huwali kwa hatua moja, wala huwakingi wote. Ni kukimbia tu. Angerudi pembeni, farasi wa pili angemmaliza. Basi akatoka nje, na kila alipofika alikuta ameachiwa nyumba moja tu. Akasukumwa hivyo, msomaji, mpaka mstari wa mwisho wa adui zake, peke yake, jeshi lake lote limebaki nyuma likitazama. Hatua ya 18 Lasker akamsogeza mfalme wake mwenyewe kando kidogo. Ngome ya pembeni, ambayo haikuwa imeguswa tangu mwanzo, ikapata njia. Kwisha.

Wajuzi walionyesha baadaye kwamba kwenye hatua ya 14 palikuwa na njia fupi zaidi, kwa hatua moja. Haidhuru. Mimi ningeipenda ile ndefu.

Thomas, aliyefungwa ndani ya klabu yake mbele ya wenziwe, alimwambia mgeni kuwa mchezo ule ulikuwa mzuri sana. Lasker hakufahamu neno. Mtazamaji mmoja ndiye aliyemtafsiria. Aliandika baadaye kwamba uungwana ule ulimgusa, kwani kwao Berlin angaliambiwa amebahatisha.