Linda Nchi: Sababu Zilizobadilika Njiani

Bunge la Kenya liliombwa idhini ya jeshi kuwa Somalia mnamo Desemba 2011. Wakati huo wanajeshi wetu walikuwa wameshakaa huko karibu miezi miwili, magari yao yakikwama kwenye matope ya mvua za vuli. Nilifundisha historia na serikali miaka mingi kabla ya kufungua kiduka changu cha saiba na fotokopi hapa Bondeni, Nakuru, na jambo hilo la kuuliza Bunge baada ya safari kuanza halijawahi kunitoka kichwani.

Wengi wa wateja wangu wa leo walikuwa watoto wakati ule, kwa hiyo niyapange mambo yasiyobishaniwa. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2011, watu wenye bunduki walivamia hoteli ya Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kumchukua mkewe, Judith, kwa mashua. Tarehe 1 Oktoba wakamchukua Mfaransa Marie Dedieu nyumbani kwake kisiwani Manda. Mama huyo alikuwa akitumia kiti cha magurudumu, na alifia mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 wakatekwa wanawake wawili Wahispania, wahudumu wa Madaktari Wasio na Mipaka, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Jumamosi tarehe 15, George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, na Yusuf Haji wa Ulinzi walitokea mbele ya waandishi wa habari wakasema Kenya itawafuata Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia, hukohuko waliko. Jumapili jeshi likavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Sisi wa Nakuru hatukuhitaji redio. Kambi ya Lanet iko hapo tu, njia ya Nairobi, na Gilgil si mbali. Wiki ile kijana mmoja wa jeshi aliniletea kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, akataka kopi mbili za kila kimoja: fungu moja la mkewe, jingine la mamake. Nilimuuliza kama ni safari. "Ni kazi tu, mama," akasema. Alilipa, akazihesabu karatasi mara mbili, akazitia ndani ya bahasha mbili. (Tuna mtaa hapa mjini unaoitwa Shabab, na siku zote hizo makanga waliendelea kuuita kwa sauti kwenye steji, abiria wakipanda bila wasiwasi wowote.)

Sababu ya kwanza, basi, ilikuwa utekaji. Serikali ililiandikia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ikidai haki ya kujilinda, ile ya kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja huo, kinachoiruhusu nchi iliyoshambuliwa kwa silaha kujilinda. Al-Shabaab walikana kuhusika na utekaji ule. Neno la Al-Shabaab si ushahidi kwangu, lakini kukana kwao kuliiacha serikali na kazi ya kuonyesha kilichowaunganisha na wale watu wa mashua, na kazi hiyo haikufanywa mbele yetu. Pwani ya Somalia wakati huo ilikuwa imejaa maharamia waliokuwa wakiteka watu kwa ajili ya fidia tu.

Kisha, kabla mwezi haujaisha, msemaji wa serikali mwenyewe, Alfred Mutua, aliwaambia waandishi wa kigeni kwamba operesheni kubwa kama ile haipangwi kwa wiki moja. Ilikuwa ikiandaliwa kwa muda, na utekaji ulikuwa tu mwanya mzuri wa kuanzia. Kwa hiyo msemaji wa serikali ndiye aliyeivunja sababu ya serikali, na sikumbuki kama kuna mtu aliyeona haya.

Ukweli ni kwamba waliokuwa wakifuatilia walijua. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba Moses Wetang'ula, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikutana na Wamarekani Addis Ababa mnamo Januari mwaka huohuo akiwaomba waunge mkono mpango wa Jubaland, yaani eneo la kusini mwa Somalia litakalotawaliwa na marafiki wa Kenya na kutukinga na vurugu. Wamarekani hawakuchangamka. Vijana wa Kisomali walikuwa wameshapewa mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya mpango huo.

Jirani akija kukopa pesa za karo, ukampa, wiki ijayo ukasikia zililipa deni la duka, na baadaye ukasikia alinunua kiwanja, huenda mahitaji yote matatu yalikuwa ya kweli. Lakini wewe ulikopesha karo.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema vita ile ilikuwa uongo mtupu. Sababu iliyofichwa ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyotangazwa. Somalia haikuwa na serikali yenye meno tangu Siad Barre aangushwe Januari 1991. Risasi za mapigano ya Bula Hawa, ng'ambo ya mpaka, zilikuwa zikiwafikia watu wa Mandera. Mwaka huo wa 2011, njaa na vita viliifanya Dadaab kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani, watu zaidi ya laki nne. Serikali ingesimama Bungeni na kusema, "Tunataka eneo la kujikinga, itachukua miaka, na watakufa watu wetu," nadhani Wakenya wengi wangekubali, na pengine hata mimi. Ila wangeuliza miaka mingapi.

Kuna pia wanaosema shabaha ilikuwa bahari na mafuta yake. Sioni. Somalia ilitushtaki kuhusu mpaka wa bahari mwaka 2014 wakati jeshi letu limo ndani ya mji wao wa Kismayo, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ya Hague ikaamua kwa sehemu kubwa kwa upande wa Somalia. Kama tulikwenda kutafuta bahari, basi tulikwenda vibaya.

Katiba ya 2010 ilikuwa na mwaka mmoja na wiki kadhaa jeshi lilipovuka mpaka. Nimeichapishia watu mara nyingi mno, kurasa nyingine nazijua kwa moyo. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama la Taifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Mawakili wa serikali walikuwa na jibu: hatukutangaza vita dhidi ya Somalia, tulikuwa tunawafuata wahalifu. Sawa, lakini mtu anayemfuata mwizi hakai huko zaidi ya miaka kumi na tatu.

Kuhusu mwenye nyumba, yaani serikali ya Somalia, mambo yalikuwa kizunguzungu. Tarehe 18 Oktoba mawaziri wetu walikuwa Mogadishu na pande mbili zikakubaliana. Tarehe 24 Rais Sharif Sheikh Ahmed akasema hadharani kwamba serikali yake haikubaliani na hatua ya Kenya. Tarehe 31 waziri mkuu wake akaja Nairobi, akaketi na waziri mkuu wetu, Raila Odinga, na wakatoa taarifa ya pamoja ya kuunga mkono. Mwenye nyumba anayebadili kauli mara mbili katika wiki mbili huenda ameshinikizwa, au huenda nyumba si yake kweli. Hata hivyo ridhaa ile ilitufaa sana kisheria, na mfano wa Uganda unaonyesha kwa nini.

Uganda ilipoingia Kongo mwaka 1998 ilidai inajilinda na waasi waliokuwa wakijificha huko. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikataa hoja hiyo: haikuonyeshwa kwamba serikali ya Kongo ndiyo iliyokuwa nyuma ya mashambulizi ya waasi, na kuteka viwanja vya ndege na miji mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na hatari iliyodaiwa. Februari 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Kismayo, tulioingia mwishoni mwa Septemba 2012, uko zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wetu. Kilichotuokoa ni ile ridhaa, na uamuzi wa Februari 2012 wa Baraza la Usalama uliotuweka chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika.

Rafiki yangu Afande, mwanajeshi mstaafu anayekuja kuchapisha barua zake hapa, huniletea Nyerere. Novemba 1978, baada ya Idi Amin wa Uganda kuivamia Kagera, Mwalimu aliwaambia Watanzania wana sababu, nia na uwezo. "Huyo aliuliza Bunge?" Afande hunihoji. Namkumbusha kwamba ardhi ya Tanzania ilikuwa imeshikwa, daraja la Kagera limevunjwa, na kila mtu aliona. Lakini nakiri ana hoja mahali pamoja: sababu ile ya kumfukuza adui Kagera iliishia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na wapo marais wa Afrika waliolalamika wazi. Hata vita tunayoisifu ilipanuka njiani.

Afande huniambia pia niangalie matokeo: watalii wa Lamu hawachukuliwi tena kwa mashua. Nami humtajia mashambulizi ya Al-Shabaab hapa kwetu na waliouawa: jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni, Juni 2014. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148. Tukifika hapo hupaziana sauti, na wateja wengine hujitia wanasoma matangazo ukutani. Matokeo hayatuamulii. Vita yenye sababu safi yaweza kwenda vibaya, na yenye sababu chafu yaweza kuleta amani. Ninachotaka kujua ni kama tuliambiwa kweli wakati tulipokuwa na haki ya kukataa.

El Adde ndiyo iliyonifanya niache kuizungumzia kwa upole. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu huko Somalia ilivamiwa alfajiri na Al-Shabaab. Viongozi walikwenda Moi Barracks, Eldoret, kuwaomboleza wanajeshi waliouawa, marais wa Somalia na Nigeria wakiwemo. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema baadaye kwenye televisheni kwamba waliokufa ni kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakanusha, lakini halikutoa hesabu yake. Nchi ambayo Bunge lake liliidhinisha vita baada ya kuanza ikawa sasa haiambiwi gharama yake, wakati AMISOM imegeuka ATMIS, na tangu Januari 2025 AUSSOM, Kenya ikiwa bado imo.

Majuzi Afande alinieleza kwamba idadi ile ni siri ya kijeshi, adui asiijue. Nikamwambia, "Afande, adui alikuwepo. Yeye ndiye aliyepiga video." Alilipia kopi zake, akasema tutaendelea Ijumaa.